Mwalimu wa Mpira Árpád Weisz

Wapenzi wa mpira wahesabupo mabingwa wa Italia, ni wachache wanaomtaja Árpád Weisz, Myahudi wa Hungaria aliyezaliwa mwaka 1896. Huyo ndiye mwalimu aliyeiletea timu ya Inter ubingwa mwaka 1930, kisha Bologna mara mbili, 1936 na 1937.

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Sifa zake hazikumfaa kitu: alifukuzwa nchini pamoja na mkewe Elena na watoto wao, Roberto na Clara. Wakapitia Paris, wakatua Dordrecht katika Uholanzi, naye akaifundisha DFC, timu ya mji huo.

Wajerumani wakaiteka Uholanzi mwaka 1940, na mwaka uliofuata wakawakataza Wayahudi viwanja vya michezo. Na tuwaze: mtu aliyewajaza watu viwanjani huko Italia, sasa haruhusiwi hata kuvuka lango la kiwanja cha mji mdogo! Agosti 1942 wakakamatwa wote. Elena na watoto waliuawa Auschwitz mwezi wa Oktoba. Roberto alikuwa na miaka 12, Clara 8. Baba yao alitumikishwa kazi za shokoa, akafa Auschwitz tarehe 31 Januari 1944.

Bologna nayo ilikawia mno, twasema bila kuficha. Kibao cha kumkumbuka kiliwekwa kiwanjani mwaka 2009.