Rais Aliyeapishwa Faraghani

Rutherford Hayes alizaliwa mwaka 1822 katika jimbo la Ohio, Marekani, baba yake akiwa amekwisha kufa. Alisoma sheria, akajeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akachaguliwa kuwa gavana mara tatu. Hayo si haba. Lakini sisi twamtazama khasa kwa jambo la mwaka 1876.

Mwaka ule mpinzani wake, Samuel Tilden, alimzidi kwa kura za raia zaidi ya laki mbili. Lakini huko Rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, na kura 20 za namna hiyo ziligombaniwa. Ikaundwa tume ya watu 15. Wanane wakampa Hayes zote, saba wakakataa. Akashinda kwa 185 dhidi ya 184. Kwa kuwa tarehe 4 Machi 1877 ilikuwa Jumapili, na fitina imechacha, aliapishwa faraghani jioni ya Jumamosi, kisha hadharani Jumatatu.

Na gharama ya ushindi huo aliilipa nani? Si Hayes. Mwezi wa Aprili askari waliokuwa wakizilinda serikali za South Carolina na Louisiana waliondolewa, na watu weusi, waliokitegemea chama chake, wakaachwa mikononi mwa mabwana wao wa zamani. Julai wafanyakazi wa reli walipogoma kwa kupunguziwa mishahara, askari walipatikana upesi!

Tusimdhulumu: aliahidi kutogombea tena, naye akatimiza. Aliondoka madarakani mwaka 1881, akafa nyumbani kwake Ohio mwaka 1893.