Padre Mendel na Maua ya Njegere

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, nchi ambayo sasa huitwa Ucheki. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali. Karo ya shule ilipowashinda, dada yake mdogo, Theresia, alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa arusi yake, ili kaka yake asiache masomo.

Mwaka 1843 Mendel aliingia nyumba ya watawa mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Hata mwaka 1847 akawa padre. Akafundisha shuleni, lakini mwaka 1850 alishindwa katika mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Hakukata tamaa. Wakuu wake wakampeleka Vienna akajifunze zaidi.

Aliporudi alianza, mwaka 1856, kupanda njegere katika bustani ya watawa. Alitaka kujua jinsi mmea unavyorithi sura ya wazazi wake. Alifungua ua changa la mmea mmoja, akaondoa sehemu zake za kiume, akatia unga wa ua la mmea mwingine, kisha akalifunika kwa kifuko ili wadudu wasilifikie. Mzazi mmoja alikuwa wa maua ya zambarau, wa pili wa maua meupe. Watoto wote wakatoa maua ya zambarau. Je, weupe ulikuwa umekufa? Akapanda mbegu za watoto hao. Katika mimea 929, mimea 705 ikatoa maua ya zambarau, na 224 maua meupe. Basi weupe haukufa, ulikuwa umejificha tu. Akaona tena ya kuwa majira ya kuchanua nayo hurithiwa: mtoto wa mmea uwahio na mmea ucheleweao alichanua katikati ya wazazi wake.

Kwa miaka minane alikuza mimea kama 28,000. Mwaka 1865 aliwasomea wataalamu wa Brno habari zake, nazo zikapigwa chapa mwaka 1866, lakini ni wachache walioziangalia. Mwaka 1868 akafanywa mkuu wa watawa. Hakusahau fadhili za Theresia, akawasaidia wanawe katika masomo yao. Akafa tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 wataalamu watatu, kila mmoja peke yake, waligundua sheria zile zile, wakakuta Mendel amewatangulia.

Vitu vile vinavyorithiwa sasa huitwa jeni. Nyingine huuambia mmea wakati wa kuchanua. Mtama wa aina nyingi hupima urefu wa usiku: usiku ukiwa mfupi, jeni fulani huzuia maua, usiku ukirefuka, kizuizi hulegea, na majani hupeleka amri kwenye ncha ya mmea itoe suke. Huko Singida mvua hunyesha majira mamoja tu kwa mwaka. Mtama uchanuao kwa kuchelewa hukosa maji ya kujaza punje. Kwa hiyo mkulima atengaye mbegu kutoka suke lililowahi huchagua jeni, ijapokuwa hazioni.