Albert Lubaki, mchoraji wa kuta za Bukama

Albert Lubaki alizaliwa karibu na mwaka 1895, na ufundi wake wa kwanza ulikuwa kuchonga pembe za tembo. Aliishi Bukama, Katanga, pale ambapo reli kutoka Elisabethville ilifika mto Lualaba mwaka 1918. Mji wa namna hiyo hupitiwa na watu wengi, na kila mpita njia huja na ngano za kwao.

Mwaka 1926 Georges Thiry, mtawala Mbelgiji, aliona huko nyumba za udongo zilizochorwa kwa nje. Mmoja wa wachoraji alikuwa Lubaki. Zile picha za wanyama, ndege na watu hazikuwa pambo tu: zilibeba ngano na methali. Mwenye kuijua ngano hakuhitaji maelezo. Asiyeijua aliona mnyama tu. Na ukuta wa udongo haudumu. Mvua ikiuosha, mkono huanza upya, kama msimulizi anayeirudia hadithi ile ile usiku mwingine na kuibadilisha kidogo.

Thiry alimpa Lubaki karatasi na rangi za maji. Lubaki akawa anazungushia karatasi mstari mnene wa rangi, ndipo anawaweka watu na wanyama ndani yake, kana kwamba bado anatafuta kingo za ukuta wake. Mke wake Antoinette, binti wa chifu, alichora pia.

Gaston-Denys Périer, mtumishi wa Wizara ya Makoloni, alizitafutia kazi hizo nafasi Ulaya. Mwaka 1929 zilionyeshwa Palais des Beaux-Arts, Bruxelles, na mwaka 1930 Genève. Zilisifiwa, lakini kwa rangi na maumbo. Hapa ndipo sisi wa lugha tunapaswa kusimama kidogo. Karatasi iliziokoa picha na mvua, ikazitenga na wasikilizaji wake. Sauti, kicheko na wimbo wa ngano havikupanda meli. Namshukuru Thiry kwa karatasi, ila sioni kwamba aliyeitazama picha Bruxelles alikuwa amesoma alichosoma jirani wa Lubaki.

Katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano na Ulaya yalikatika. Mwaka 2015 Fondation Cartier ya Paris ilifanya maonyesho ya sanaa ya Kongo, na ikaanza kuhesabu historia hiyo tangu 1926, mwaka wa kuta za Bukama. Kazi za Antoinette nazo zilionyeshwa Venice mwaka 2022.