Hansen: Fundi rangi aliyeisafisha hamira ya bia

PIPA la pombe ya uwele likiharibika, mtengenezaji wa Dodoma hupoteza nafaka, kuni na wateja wa siku hiyo kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi lawama huenda kwa maji au kimea. Aliyeonyesha kwamba ubovu unaweza kuwa ndani ya hamira yenyewe ni Emil Christian Hansen wa Denmark.

Alizaliwa Mei 8, 1842 katika mji wa Ribe, kwenye familia ya hali ya chini. Alipaka rangi nyumba za watu ili apate riziki, akaja kusoma akiwa mtu mzima, akijilipia kwa kuandika hadithi. Mwaka 1876 alipewa medali ya dhahabu ya chuo kikuu kwa utafiti wa kuvu inayoota kwenye samadi, somo ambalo wengi wangelicheka.

Mwaka 1879 alianza kuongoza idara ya fiziolojia katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Mwenye kiwanda, J. C. Jacobsen, alileta hamira kutoka Munich mwaka 1845, na tangu hapo kila pishi lilirithi hamira ya pishi lililotangulia, sawa na mama wa kijijini anayeanzishia pombe mpya kwa machicha ya jana.

Kisha bia ikaanza kutoka na ladha mbaya. Pasteur wa Ufaransa alikwishawataja bakteria. Hansen, kwa hadubini yake, akagundua mkosaji mwingine: hamira pori iliyojichanganya na ile njema.

Dawa yake ilihitaji subira kuliko fedha. Aliichanganya hamira na maji mengi hadi tone moja libaki na chembe moja tu. Chembe hiyo aliilisha maji ya kimea yaliyochemshwa na kupozwa, katika chupa ndogo, kisha kubwa zaidi, hadi ikatosha pipa. Novemba 1883 kiwanda kiliitumia kwa mara ya kwanza. Jacobsen, ambaye mwanzoni alisita, aliigawa bure hata kwa washindani wake. Mchumi yeyote hukuna kichwa hapo.

Mwaka 1908 Hansen aliipa hamira hiyo jina la Saccharomyces carlsbergensis. Leo inaitwa Saccharomyces pastorianus. Alifariki Agosti 27, 1909.

Hamira ya laga hupenda ubaridi wa nyuzi 10 hivi, hivyo joto la Dodoma haliifai bila jokofu. Utaratibu wa kuikuza, hata hivyo, unafaa pia kwa mvinyo wa zabibu: chombo kilichochemshwa, chachu changa kwenye chupa, ikishatoa povu ihamie ndoo, ndipo pipa. Machicha ya pipa lililochacha vibaya yamwagwe, hata kama yanaumka vizuri, maana hamira pori nayo huumka.