Tingatinga siyo trekta, alikuwa mtu

Jumamosi iliyopita, siku ya gulio hapa Tengeru, nilikuwa namchorea kinyozi mmoja bango la nje. Ndo kazi inayonipa vocha tangu nimalize fomu foo. Dogo mmoja kasimama anashangaa, nikamwambia rangi ya kopo kama hii ndiyo iliyompa jina Tingatinga. Kacheka sana. Akajua nasema trekta!

Sasa kwa wale msiojua: Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 huko Tunduru, mkoani Ruvuma. Ujanani akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, halafu 1959 akaingia Dar, akapata kazi za nyumbani kwa Mzungu mmoja wa serikali ya kikoloni. Mzungu akaondoka, jamaa akabaki anabangaiza hiki na kile, hadi muziki alipiga.

Kuchora kaanza 1968, ana miaka 36. Chuo cha sanaa hakukanyaga. Turubai la wasanii lilikuwa ghali, basi yeye akachukua masonaiti, yale mabodi ya ujenzi, vipande vya kama futi mbili kwa mbili, na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Mnyama mmoja katikati, labda chui au tembo, nyuma rangi moja tu, kwisha. Mimi nimejaribu, wadau, siyo mchezo! Rangi ile ukikosea haifutiki kirahisi.

Na hakungoja aitwe kwenye ukumbi. Picha alizitandaza nje, Morogoro Stores kule Oysterbay, chini ya mbuyu, watu wakipita na vikapu vyao. Wazungu wa pale wakanunua. Biashara ilipochanganya akawaita vijana wa ukoo na majirani, kina January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia, akawafundisha bila ada. Baadaye akapata na kibarua Muhimbili, lakini brashi hakuacha.

Mwaka 1972, usiku, Dar hiyo hiyo, polisi wakadhani gari alimokuwemo ni la wahalifu wanaotoroka. Wakafyatua risasi. Akafa akiwa na miaka 40, kaacha mke na watoto wadogo wawili. Yaani uchoraji wake wote ni miaka minne tu jamani.

Wanafunzi wake ndo waliobeba. 1990 wakawa na chama cha ushirika pale pale Oysterbay. 2010 Waingereza walianza kuonyesha katuni zenye jina lake, Tinga Tinga Tales, zimetengenezwa Nairobi. Na hapa Arusha mjini kila duka la vinyago lina simba wake ukutani. Nimewauliza wauzaji watatu Tingatinga ni nani. Mmoja kasema ni kabila.

Lile bango halijaisha. Mwenye kibanda kanikubalia niweke chui pembeni mwa kile kichwa cha panki, nyuma rangi ya njano tupu. Jumatano, gulio likiwepo, piteni mlione.