Michel Micombero

Michel Micombero (1940 – 16 Julai 1983) alikuwa mwanajeshi na mwanasiasa wa Burundi, na rais wa kwanza wa nchi hiyo kuanzia 28 Novemba 1966 hadi 1 Novemba 1976. Anakumbukwa hasa kwa mauaji ya mwaka 1972, ambayo hakuwahi kushtakiwa kwayo.

Maisha na utawala

Alizaliwa Rutovu, mkoani Bururi, katika familia ya Watutsi wa kundi la Wahima. Alisomea uafisa wa jeshi mjini Brussels, Ubelgiji, akarudi nyumbani mwaka 1962. Mwaka 1966 Mwami Mwambutsa IV alipoondolewa na mwanawe Ntare V, Micombero akawa waziri mkuu. Miezi michache baadaye alimpindua mfalme huyo kijana na kutangaza jamhuri, akiwa na umri wa miaka 26 tu.

Mauaji ya 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 alivunja serikali yote. Saa chache baadaye waasi Wahutu walishambulia sehemu za kusini, hasa Rumonge na Nyanza-Lac kando ya Ziwa Tanganyika, wakaua mamia ya Watutsi. Usiku huo Ntare V, aliyekuwa amerejea kutoka Uganda na kuwekwa kizuizini, aliuawa huko Gitega.

Jeshi na vijana wa chama cha UPRONA hawakuishia kuzima uasi. Kwa miezi kadhaa waliwakamata Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali, mapadre, askari. Wengi walipakiwa kwenye malori wasionekane tena. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi huyaita mauaji hayo Ikiza, yaani janga.

Mwezi Mei, mauaji yakiendelea, Diallo Telli, katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alifika Bujumbura na kutangaza mshikamano na Micombero.

Wakimbizi Kigoma

Makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania, wengi kupitia mkoa wa Kigoma. Baadhi walijichanganya na wenyeji wa mji wa Kigoma-Ujiji na vijiji vya ziwani. Wengine walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Mwaka 1973 ndege za Burundi zilishambulia vijiji vya Tanzania mpakani. Kwa mashambulizi hayo Burundi ilikubali kuilipa Tanzania fidia. Kwa raia wake yenyewe haikulipa kitu.

Uhamishoni na kifo

Jean-Baptiste Bagaza, afisa kutoka Rutovu pia, alimpindua mwaka 1976. Micombero hakufunguliwa kesi. Alihamia Somalia, akasoma uchumi chuo kikuu, akafariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Mogadishu.

Suala la uwajibikaji

Mahakama ya Kimataifa kuhusu Rwanda iliundwa mwaka 1994 na ile ya Jinai ya The Hague ilianza mwaka 2002. Zote hazikuwa na mamlaka juu ya matukio ya 1972. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitaka uchunguzi wa kimataifa wa jinai zilizotendwa tangu uhuru, lakini kilichoundwa ni tume ya kitaifa ya ukweli na maridhiano, isiyoweza kuhukumu mtu. Mwaka 2020 ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 huko Karusi. Desemba 2021 ilitamka kwamba mauaji ya Wahutu ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari. Micombero alikuwa amekufa kwa miaka 38.