Beatrix Potter, mtaalamu wa uyoga aliyewaandikia watoto

Mwaka wa 1897, mwanamke wa London aitwaye Beatrix Potter aliandika utafiti juu ya namna uyoga unavyoota kutoka kwa spora, zile chembe ndogo kama vumbi. Alikuwa amezichunguza nyumbani kwa hadubini. Hakuwahi kwenda shule; walimu walimfuata kwao.

Mkuu wa bustani ya mimea ya Kew hakumjali. Na chama cha wanasayansi, Linnean Society, hakikuwaruhusu wanawake kuingia vikaoni, kwa hiyo mwanaume mmoja wa Kew, George Massee, ndiye aliyeupeleka utafiti huo. Baadaye Potter aliuondoa. Haukuchapishwa, na maandishi yake yamepotea.

Mkono uleule ulichora sungura Peter. Hadithi yake ilianza mwaka wa 1893 kama barua kwa mtoto mgonjwa. Wachapishaji walipoikataa, Potter alitoa pesa zake mwenyewe, akachapisha nakala 250 mwezi wa Desemba 1901. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne iliichukua. Sungura wake huvaa makoti, ndiyo, lakini mwili ni wa sungura kamili: alikuwa amewafuga na kuwachora miaka mingi.

Pesa za vitabu zilimsaidia kununua shamba la Hill Top mwaka wa 1905, kisha mengine mengi. Alipofariki tarehe 22 Desemba 1943, aliachia shirika la National Trust zaidi ya hekta 1,600.

Mwaka wa 1967 michoro yake ya uyoga ilitiwa katika kitabu cha wataalamu.